Samaki Wekundu na Watoto Wao

Hapa Bukavu samaki twamjua kwanza kwa chungu. Sambaza hupimwa kwa bakuli sokoni, tilapia huuzwa mmoja mmoja, na mtu akisema kwamba ana samaki nyumbani kwake, wasikilizaji hutazamia bugali. Kwa hiyo hatuwashangai majirani zetu wanaotuuliza, "Mwalimu, hawa samaki wako wekundu hula kila siku, nawe huwali wao. Faida yao ni nini?" Swali hilo ni la haki, nasi hatulidharau. Jibu letu limekuwa moja siku zote: njoo asubuhi ile wanapotaga mayai, ukae nasi kando ya birika, kisha uulize tena. Wachache wamekuja. Kwa ajili ya wale wasioweza kuja, na hasa kwa wanafunzi wanaopenda kutazama viumbe vyenyewe pamoja na kuvisoma katika vitabu, tunaandika maneno haya.

Wafaransa huwaita samaki wekundu, Waingereza huwaita samaki wa dhahabu. Kwa kweli rangi yao ni ya chungwa lililoiva. Asili yao ni Uchina. Huko watu walifuga tangu kale samaki wa jamaa ya karpe, mwenye rangi ya kijivu na kahawia, wapate kumla. Mara mojamoja alitokea mmoja mwenye kung'aa kama dhahabu, na katika enzi ya Sung (960–1279) wakubwa wa nchi waliwatenga hao katika madimbwi ya bustani zao, wakazaana wao kwa wao. Katika karne ya 17 walikuwa wamekwisha kufika Ulaya. Wetu sisi tuliachiwa na mwenzetu mmoja aliyehamia mji mwingine: samaki 7 ndani ya ndoo. Tuliwatia katika birika la saruji lililo nyuma ya nyumba, lililojengwa zamani kwa kufulia nguo, lenye urefu wa mita 2 na nusu na kina cha sentimeta 60.

Wengine wamewaona katika picha, wamewekwa ndani ya bakuli la kioo la mviringo juu ya meza. Wasiige. Bakuli la namna hiyo lina maji machache, nayo huchafuka upesi, na samaki aliyeumbwa akue kupita urefu wa kiganja hufa humo kabla ya kuonyesha lo lote analoweza. Samaki mmoja wa Uingereza, jina lake Tish, alipatikana kama zawadi ya mchezo kwenye tamasha mwaka 1956, akafa mwaka 1999, umri wake miaka 43. Basi anayepokea samaki mwekundu asidhani kwamba amepokea kitu cha kuchezea cha juma moja.

Kiangazi chote, tangu mwezi wa sita hata wa nane, samaki wetu walikaa kwa amani. Usiku maji yalipoa, nao walitembea chini polepole kama wazee wanaotoka barazani. Mwezi wa kenda mvua za kwanza zilinyesha siku tatu, maji mapya yakaingia birikani kutoka katika mabati, kisha jua likarudi. Asubuhi ya nne, kengele ya shule haijalia bado, watoto walitujia mbio: "Baba, samaki wanauana!"

Tulikwenda. Maji yalikuwa yakirushwa hata nje ya birika. Samaki watatu walimfuata mmoja mnene, wakimsukuma kwa pua ubavuni na chini ya mkia, wakimbana ukutani. Naye akikimbia, akijipenyeza katika majani ya majini yaliyoota pembeni, nao wakiingia humo humo bila kumpa nafasi ya kupumua. Gamba moja lilielea juu ya maji. Mwanafunzi wetu mmoja wa darasa la sita, aliyekuwa amepita kutuchukulia madaftari, alikuwa amekwisha kushika kikapu. Alitaka kuwavua wale watatu na kuwatupa majanini, kwa sababu, alisema, watatu kumpiga mmoja si haki. Moyo wake ulikuwa mwema kabisa. Tulimshika mkono, tukamwomba aweke kikapu chini na kutazama robo saa tu bila kusema neno.

Atazame nini? Kwanza, atazame midomo. Samaki huyu hana meno mdomoni. Meno yake yako kooni. Wale watatu hawakuuma, walisukuma tu, na daima mahali pale pale, kwenye tumbo na karibu na tundu la kutagia. Pili, atazame kama kuna kitu kinachogombewa. Samaki wanaopigania chakula huacha ugomvi chakula kikiisha, lakini hawa walipita juu ya makombo ya mkate bila kuyagusa. Tatu, atazame vifuniko vya mashavu na ule mfupa wa mbele wa mapezi ya kifuani. Kwa wale watatu palikuwa na vipele vidogo vyeupe, vimepangwa kama chembe za chumvi. Hiyo ndiyo alama ya dume aliye tayari, na vipele hivyo hutoweka baadaye. Mtu asivichanganye na ugonjwa wa madoa meupe, maana madoa ya ugonjwa hutapakaa juu ya mwili wote na mkia, na mgonjwa hujisugua ukutani, hujikunja, hukataa chakula. Mwisho, atazame yule mnene kutoka juu. Tumbo lake lilikuwa limetoka upande mmoja kuliko wa pili, kama mfuko uliojazwa kwa haraka. Huyo ni jike mwenye mayai. Samaki wakiwa wadogo, chini ya mwaka mmoja, hata fundi hawezi kusema kwa hakika yupi dume na yupi jike. Lakini asubuhi kama ile hata mtoto wa darasa la kwanza aweza kujifunza.

Lililo la ajabu kuliko yote halionekani kwa macho. Katika miaka ya 1980, huko Kanada, wataalamu Norman Stacey na Peter Sorensen pamoja na wenzao walichunguza samaki hawa, wakaonyesha kwamba jike hutoa majini vitu ambavyo dume huvinusa. Cha kwanza hutoka saa kadhaa kabla ya kutaga, wakati mayai yanapokomaa tumboni. Nacho huuamsha mwili wa dume utayarishe mbegu. Cha pili hutoka mayai yakiisha kulegea, nacho ndicho kinachowafanya madume wamfuate. Kumbe yule tuliyemwona kama mwenye kuonewa ndiye aliyekuwa ametoa habari kwamba saa imefika. (Tunasema habari za samaki. Mtu asizichukue akazipeleke kwa wanadamu.)

Hata hivyo kuna kufuata kunakozidi. Kama jike ni mmoja na madume ni wengi, na mbio zinaendelea siku baada ya siku, magamba yake yanang'oka, naye anaanza kulala ubavu, hapo yapasa kumtenga katika maji mengine apumzike. Vivyo hivyo birika lisilo na jani wala kivuli ni mateso kwake, kwa kuwa hana mahali pa kujificha. Siku ile jike wetu hakuhitaji msaada. Yapata saa nne alijitupa juu ya majani, akatetemeka, na madume wawili wakatetemeka ubavuni mwake, na maji yakawa na ukungu kidogo. Kabla ya adhuhuri yote yalikuwa yamekwisha. Mwanafunzi wetu alichelewa shuleni, nasi tulimwandikia barua.

Mayai yalikuwa yameshikamana na majani kwa gundi yake yenyewe, kila moja kama punje ndogo ya ulezi, likiangaza kama tone la asali. Jike mmoja aweza kutaga mamia, hata maelfu, kwa mara moja. Watoto walipiga makofi. Lakini furaha yao haikudumu, maana binti yetu wa kwanza, mwenye macho makali, alipiga kelele: "Baba, mama yao anayala!" Ndivyo ilivyokuwa. Yule jike, pamoja na madume wale wale, walikuwa wakipita jani kwa jani, wakinyonya mayai waliyoyataga saa ile ile.

Binti yetu alikasirika sana. Yafaa kueleza kwa nini. Watoto wa ziwani wanamjua tilapia. Jike wake hukusanya mayai kinywani mwake, huyatunza humo hata yaanguliwe, naye siku hizo hali kitu. Na vitoto vikianza kuogelea, vikiona hatari hurudi mbio ndani ya kinywa cha mama. Wavuvi huona mara nyingi jike aliyevuliwa akitema watoto wake mtumbwini. Basi mtoto aliyekua na habari hiyo, akimwona samaki mwingine anakula mayai yake mwenyewe, auliza: "Mama gani huyu?"

Tulimjibu kwamba samaki hatendi dhambi, wala hajui kwamba ni mama. Tilapia ana mayai machache, naye huyalinda. Samaki mwekundu ana mayai mengi, naye huyatawanya na kuyasahau, na dakika chache baadaye yai kwake ni chakula kama chakula kingine. Katika dimbwi kubwa lenye majani tele machache huponea, nayo yatosha. Katika birika la saruji haliponei hata moja. Kwa hiyo anayetaka watoto wa samaki wekundu sharti achukue yeye mwenyewe kazi ya mzazi, tangu saa ile, wala asitegemee msaada wo wote wa wale waliowazaa. Binti yetu alifikiri kidogo, kisha akaenda kuleta beseni.

Kazi yenyewe ni rahisi kuanza. Tulikata majani yenye mayai, tukayatia katika beseni pana za plastiki zenye maji ya birika lile lile, ili yai lisipate mshtuko wa baridi au joto. Tunasema beseni pana, si ndoo ndefu, kwa sababu hatuna mashine ya kupuliza hewa, na maji huivuta hewa kwa uso wake: uso mpana, hewa nyingi. Tuliziweka kivulini, tukazifunika kwa kipande cha chandarua kuukuu. Asiye na majani ya majini aweza kutumia nyuzi za katani, azichemshe mara mbili tatu mpaka maji yasitoke rangi, azifunge kama ufagio na kuzitumbukiza birikani kabla ya siku ya kutaga.

Siku ya pili mayai kadhaa yaligeuka meupe kama maziwa. Hayo hayakupata mbegu. Huota ukungu, na ukungu huo hushika mayai ya jirani, kwa hiyo yaondolewe kila siku. Mwanafunzi wa kikapu aliomba kazi hiyo, akaifanya kila jioni kwa ncha ya unyoya wa kuku, kwa uvumilivu ambao hatujapata kuuona katika hesabu zake. Mayai mazuri yalibaki maangavu, na siku ya tatu mtu aliweza kuona ndani yake macho mawili meusi. Maji yakiwa na nyuzi 25 za joto, mayai huanguliwa kwa siku mbili au tatu. Yetu yalikuwa na nyuzi 20 hivi, maana mji wetu uko juu, na ziwa lenyewe liko karibu mita 1460 juu ya usawa wa bahari. Tulingoja hata siku ya tano.

Samaki aliyeanguliwa si samaki bado. Ni uzi mfupi wenye macho, umenata ukutani mwa beseni, haukimbii wala hauli. Watoto waliona kwamba wana njaa. La, hawana njaa: kila mmoja ana kifuko cha kiini tumboni, nacho chamtosha kwa siku mbili hivi. Kisha hupanda juu ya maji mara ya kwanza, humeza hewa kidogo, hukijaza kibofu chake cha hewa, na tangu hapo huogelea sawasawa. Kwa sababu hiyo uso wa maji usiwe na mafuta wala utando, na mkono unaoingia humo usiwe umepakwa mafuta ya kujipaka. Sasa ndipo chakula kinapoanza, na taabu nayo.

Kinywa cha samaki wa juma la kwanza ni kidogo kuliko tundu la sindano. Chakula chake bora ni wadudu wadogo mno waliomo katika maji ya kijani, yale maji ya zamani yaliyokaa juani katika debe. Sisi tulikuwa na debe moja, lakini vinywa vilikuwa karibu elfu. Tulisaidia kwa yai la kuku lililochemshwa sana. Kiini kidogo, ukubwa wa punje ya mchele, hufungwa katika kitambaa safi na kukamuliwa majini, kikatoka kama wingu jembamba. Mara tatu au nne kwa siku, kidogo kidogo. Na mabaki yaliyozama chini yavutwe nje kwa mpira mwembamba kabla ya usiku.

Tulimfundisha kila mtoto kipimo hicho. Lakini mtoto wetu wa tatu, aliyekuwa na miaka 6, aliamka usiku, akachukua nusu ya kiini kilichobaki jikoni, akakibomoa chote ndani ya beseni kubwa. Asubuhi maji yalikuwa meupe, yananuka, na samaki mamia walikuwa wamelala chini. Chakula kinachooza hula hewa ya maji na kutoa sumu; kwa viumbe wadogo namna ile saa chache zatosha. Tulimkuta mtoto chini ya kitanda. Hakukana. Alisema, "Niliota wanalia." Hatukumpiga. Tulimpa kikombe, naye pamoja na dada yake walichota mmoja mmoja wale waliokuwa wakipumua bado, wakawahamisha katika beseni nyingine yenye maji safi ya joto lile lile. Kufika saa sita walikuwa wamehamisha 312. Hesabu ni yake yeye mtoto. Alikuwa akijifunza mamia mwaka ule.

Maji safi hayo yalitoka wapi? Hapa sharti tuseme ukweli wa nyumba yetu, maana vitabu vya ufugaji huandikwa na watu wasiojua bidoni. Kwetu bomba hukaa siku nyingi bila kutoa tone, na maji huchotwa bondeni na kupandishwa mlimani. Watoto wa samaki wanataka sehemu ya maji yao ibadilishwe karibu kila siku. Mama wa watoto alitutazama tukishika bidoni iliyosimama mlangoni, akasema kwa sauti ya chini: "Baba wa watoto, maji haya yamepanda kilima kichwani mwa binti yangu. Samaki hawatayapata."

Alisema sawa, na maneno yake yakawa sheria ya nyumba. Samaki watapata maji ya mvua tu, yanayotoka katika mabati na kuingia katika pipa, baada ya kuacha mvua ya kwanza ioshe vumbi. Nayo yatachanganywa na maji ya birika, kwa kuwa maji ya mvua peke yake ni mepesi mno. Maji yanayotolewa katika beseni yatamwagwa kwenye lengalenga. Pipa likipungua, samaki watapungua. (Wenye maji ya bomba wakumbuke kwamba dawa inayotiwa humo kwa kuua vijidudu huua samaki pia, maji hayo yakae wazi siku moja au mbili kabla ya kutumiwa, na kubadilisha kidogo kidogo ni salama kuliko kubadilisha yote.) Lengalenga za mwaka ule, tungependa majirani wetu wajue, zilikuwa nene kuliko za mwaka wo wote mwingine, nazo zililiwa.

Juma la tatu samaki walikuwa wameweza kula viroboto wa maji, wale vijidudu wanaorukaruka katika madimbwi, ambao wanafunzi waliwachuja kwa kitambaa. Baadaye walikula na mabuu ya mbu. Hapo tuliweka mpaka: mabuu yachotwe pale yalipo, lakini mtu asitege maji karibu na nyumba kwa kusudi la kuyafuga. Homa ya malaria haichezewi kwa ajili ya samaki. Adui mmoja aliingia bila kualikwa, buu la kereng'ende, lililokuja pamoja na viroboto. Lilikaa kimya chini ya jani na kula samaki wetu kwa siku nne kabla ya binti yetu kuligundua. Ndiyo sababu ya kumwaga kwanza kila kilichochujwa katika sahani nyeupe na kukikagua.

Kufika Noeli samaki 140 walikuwa na urefu wa kidole kidogo cha mtoto, wamerudishwa katika birika pamoja na wakubwa, kwani sasa hawakuweza kumezwa. Nao wote walikuwa na rangi ya matope. Watoto walihuzunika. Jirani mmoja alicheka, akasema, "Mwalimu, umetoka jasho miezi mitatu ukazaa sambaza." Tulicheka pamoja naye. Samaki mwekundu huzaliwa na rangi ya mababu zake wa Uchina, na wakati wa utoto chembe zake za rangi nyeusi hufa kidogo kidogo, ile ya chungwa ikabaki. Kwa wengine kazi hiyo huanza miezi miwili baada ya kuanguliwa, kwa wengine huchelewa sana, hasa mahali pa baridi, na kwa wachache haifanyiki maisha yao yote. Mwezi wa kwanza wa mwaka mpya tuliona mmoja mwenye tumbo la manjano. Mwezi wa tatu walikuwa zaidi ya 60, wengine wamebakiza madoa meusi mgongoni kama waliochomwa na makaa.

Lakini samaki 140 katika birika la samaki 7 ni wengi mno, nasi tulijua hivyo. Maji yalianza kunuka upesi, na asubuhi walikuwa juu wakimeza hewa. Mwanafunzi wa kikapu ndiye aliyeleta shauri ambalo wengi wangelitoa: "Mwalimu, ziwa liko pale chini. Tuwape uhuru."

Tulimkatalia, na kwa kuwa tulimkatalia kwa ukali kidogo, tulimweleza kwa urefu. Sambaza anayemla kila juma hakuwa wa Ziwa Kivu. Aliletwa kwa makusudi kutoka Ziwa Tanganyika karibu na mwaka 1959, watu wapate chakula, nao wamepata, hatulaumu. Lakini wataalamu waliopima ziwa baadaye waliona kwamba viroboto wa maji walikuwa wamepungua sana, na aina moja kubwa hawakuiona tena. Katika Ziwa Victoria sangara alitiwa katika miaka ya 1950, na aina nyingi za samaki wadogo wa ziwa lile, ambao hawapatikani penginepo duniani, zilitoweka. Tena, samaki mwekundu si mpole kama anavyoonekana birikani. Huko Australia ya Magharibi, katika mto Vasse, watu walitupa samaki wao wa nyumbani, nao wakazaana na kunenepa hata wakavuliwa wenye uzito wa karibu kilo 2, wakichimbua matope na kuchafua maji ya wenyeji. Kile kinachoingia ziwani hakitoki tena kwa kikapu. Ziwa letu lina maji ya baridi ya wastani na majani kando kando: ndiyo hasa makao anayoyapenda.

Kijana akauliza, "Basi tuwafanye nini?" Ni swali ambalo mfugaji angalijiuliza siku ile ya mayai, na sisi tulilizungumza nyumbani jioni ile hata taa ikaishiwa mafuta. Samaki 20 walikwenda shuleni, katika birika ambalo darasa la sita lililisafisha lenyewe. Huko hutumika katika somo la viumbe. Nyumba 5 zenye mabirika au mapipa makubwa zilipokea wengine, kwa sharti kwamba hakuna atakayewatupa mtoni wala mferejini, na mwanafunzi wetu aliziandika nyumba hizo katika daftari, naye huzipitia. Waliozaliwa na uti uliopinda, au wasioweza kuogelea wima, tulikuwa tumekwisha kuwatoa mapema na kuwapa bata wa jirani yule aliyecheka. Yeye sasa husema kwamba faida ya samaki hao ameiona.

Mvua za mwezi wa kenda zilipokuja tena, mbio zilianza birikani kama mara ya kwanza. Hakuna mtoto aliyepiga kelele. Walikaa kando wakihesabu madume wenye vipele, wakabishana kuhusu jike yupi atatangulia. Mayai yalitagwa, na wakubwa wakaanza kuyala, nasi tuliwaacha wale, maana nyumba 5 zilikuwa zimejaa na pipa ni lile lile moja. Binti yetu aliomba uzi mmoja tu wa katani. Ulikuwa na mayai 34. Aliutia katika beseni yake ndogo, akaifunika chandarua, akaandika tarehe kwa chaki ukutani. Siku ya tano asubuhi alihesabu vijiti vyenye macho 27, akaenda kumwita mdogo wake, akampa kitambaa na punje moja ya kiini, akasimama karibu naye mpaka alipomaliza kukamua.